Mwanao kapewa fidla skuli? Aanze na upinde, wimbo utakuja

Mama mmoja wa Chake Chake ameniletea ujumbe wiki hii. Mwanawe wa darasa la sita amejiunga na kikundi cha taarab cha skuli, kapewa fidla, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki kwa makelele. Anauliza kama mtoto hana kipaji. Mama yangu, kipaji kiache kwanza. Ichukue hiyo fidla uitazame, maana mara nyingi mtoto hulaumiwa kwa makosa ya mbao na nyuzi.

Anza na ukubwa. Mnyooshe mtoto mkono wa kushoto, upime kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Ikifika sentimita 58 au zaidi, fidla kamili inamfaa. Karibu 55, mpe ya robo tatu. Karibu 51, nusu. Fidla si sare ya skuli hata ununue kubwa mtoto aikulie. Ikiwa kubwa, kifundo cha mkono kinajikunja, kidole cha nne hakifiki mahali pake, na noti zinatoka chini kidogo kila mara. Mtoto anasikia kuwa amekosea, anabana mkono zaidi, na mkono uliobanwa haupigi fidla.

Kisha tazama daraja, kile kijibao kinachobeba nyuzi. Halikugandishwa kwa gundi, limesimama kwa kubanwa na nyuzi tu. Miguu yake ikae sambamba na vikato vidogo vilivyo katikati ya yale matundu mawili ya umbo la f, na upande ulio mfupi uwe chini ya uzi wa Mi, ule mwembamba kuliko wote. Kila unapokaza nyuzi, daraja huvutwa mbele kuelekea kwenye vigingi vya kukazia nyuzi. Usipolirudisha mapema hupinda, na siku moja hulala kwa kishindo. Lishike kwa vidole vya mikono miwili, ulivute taratibu mpaka upande unaotazama mkia usimame wima. Na usivue nyuzi zote nne kwa pamoja. Ndani ya fidla mna kijiti kilichosimama bila gundi, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi hizo hizo; ukizilegeza zote huanguka, na kukisimamisha tena kunataka chombo maalumu na fundi anayejua. Badilisha uzi mmoja, ukaze, ndipo uende wa pili.

Hali ya hewa yetu nayo ina mambo yake. Masika vigingi hufura na kukwama. Vipake risasi ya penseli pale vinapopita kwenye tundu. Upepo wa kusi ukikausha, vigingi hivyo hivyo huteleza na uzi hushuka kila baada ya dakika mbili. Hapo tumia chaki kidogo, na unapozungusha sukuma kigingi ndani. Chumvi ya hewani hula nyuzi za chuma, basi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Joto ndilo baya zaidi. Fidla ikiachwa ndani ya gari juani, au juu ya kabati chini ya bati, gundi yake hulainika na maungio hufunguka. Yakifunguka, usitie gundi ya dukani ya kukausha papo hapo. Fidla huungwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama ili fundi aweze kuifungua bila kuvunja mbao. Ukiweka nyingine umeiharibu kabisa.

Sasa upinde. Hapa ndipo skuli nyingi zinapokosea, na nitasema wazi: mtoto hufundishwa vidole siku ya kwanza kwa sababu walimu wana haraka ya wimbo wa sherehe, halafu mkono wa kulia hauji kutengenea tena. Sauti ya fidla iko kwenye mkono wa kulia. Mpe wiki mbili za nyuzi tupu, yaani apige bila kuzibonyeza kwa vidole. Kaza upinde mpaka nafasi kati ya nywele na mti, katikati, iwe unene wa penseli, si zaidi. Rozini, ule utomvu mkavu unaopakwa nywele za upinde, ikiwa mpya haishiki. Ikwaruze kwa msasa laini kwanza. Upinde mpya upakwe mara 20 au 30 kutoka ncha hadi ncha, baada ya hapo mara nne au tano kwa siku zinatosha. Ukiona unga mweupe umejaa chini ya nyuzi, imezidi. Nywele zisiguswe kwa mkono, hasa mkono wenye mafuta ya nazi, kwani palipopata mafuta hapatoi sauti tena. Akimaliza, upinde ulegezwe.

Kidole gumba kikunjwe, kidole cha mwisho kikae juu ya mti kikiwa kimepinda. Avute kwa hesabu ya nne, arudishe kwa hesabu ya nne, mapigo 60 kwa dakika, kila uzi mara kumi, mbele ya kioo ili aone kama upinde uko sambamba na daraja. Kila kelele ina sababu yake. Mkwaruzo mzito ni kuminya bila kwenda. Mlio mkali wa kuumiza masikio, upinde umesogea mno darajani. Sauti ya pumzi, umepanda juu ya ubao wa vidole. Nyuzi mbili zikilia pamoja, kiwiko kiko mahali pasipo pake, maana kila uzi una kimo chake cha kiwiko. Dakika 15 asubuhi na 15 akirudi chuoni zina faida kuliko saa mbili za Ijumaa. Ikiadhiniwa, chombo kiwekwe chini.

Vidole vikianza, kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitamwambia mtoto wa Unguja au Pemba. Taarab yetu ina makamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya noti ambayo nyimbo hujengwa juu yake, na ndani yake mna noti zinazokaa kati ya noti mbili za kinanda. Chukua makamu iitwayo Bayati, inayoanzia Re. Pima uzi wa Re kutoka pale unapoanza, karibu na vigingi, hadi darajani. Kwenye fidla kamili ni karibu milimita 325. Mi ya kawaida iko kwenye moja ya tisa ya urefu huo, yaani milimita 36. Mi ya Bayati iko kwenye moja ya kumi na mbili, milimita 27. Sol iko kwenye robo kamili, milimita 81. Bandika tepu nyembamba mahali pa Mi zote mbili, kwa rangi tofauti, na pa Sol. Kwenye fidla ndogo pima upya, mgawanyo ni ule ule. Tepu zinampeleka jirani, sikio ndilo linalomfikisha, kwani Mi hiyo hupanda na kushuka kidogo kufuatana na wimbo. Basi asiipime kwa akodiani wala kwa programu ya simu, maana vyote viwili vitamwambia amekosea naye yuko sawa. Simu itumike kupata La ya 440 tu, ya kulinganishia nyuzi. Kwa makamu asikilize kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonoa, ambayo ina vijichuma vya kupandisha na kushusha noti hizo, na asikilize bashraf, yaani vipande vya ala bila kuimba, za Ikhwani Safaa, kikundi kilichopo tangu 1905, au za Culture Musical Club cha 1958. Aimbe kwanza kwa mdomo, kisha atafute kwa kidole.

Skuli yenye fidla tatu na watoto kumi na wawili isiwaache tisa wakichezea simu. Wanaosubiri washike penseli kama upinde, na waimbe Bayati huku mwenzao akipiga Re tupu. Kwa anayeweza kufika mjini Unguja, chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) wanafundisha ala hizi tangu 2002.

Inaniuma kuona fidla nzima inakaa kabatini ofisini kwa sababu uzi mmoja umekatika. Unaokatika karibu kila mara ni Mi, kwa kuwa ni mwembamba na watu huukaza kwa kigingi. Ukishaikaribia noti, malizia kwa skrubu ndogo ya mkiani, robo mzunguko kila mara. Mama yangu, ukinunua nyuzi seti moja, ongeza Mi mbili za akiba.