Naweza kukokotoa, lakini mwongozo wa mtambo unanishinda

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme hapa Dodoma. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, na sekondari nilifaulu hisabati na fizikia vizuri tu. Nikipewa hesabu naikokotoa, lakini nikipewa kurasa mbili za mwongozo wa mtambo nazisoma mara tatu na bado sielewi ninachotakiwa kufanya. Nimenunua kamusi ya uhandisi ya Kiingereza na ninakariri maneno thelathini kila siku, ila sioni mabadiliko. Rafiki yangu ananishauri nijiunge na kozi ya Kiingereza cha mazungumzo mjini. Je, nifuate ushauri huo? Na je, ni kosa kujadiliana masomo kwa Kiswahili na wenzangu?

JIBU: Marahaba. Nimesoma swali lako kwa makini, na naona kwamba unapambana kwa bidii na kitu ambacho sicho kinachokukwamisha. Maneno ya fani si mengi, na mengi kati yake unayafahamu tayari kwa sababu mwalimu hawezi kufundisha transfoma bila kueleza transfoma ni nini. Kinachokushinda ni namna sentensi ya kiufundi ya Kiingereza inavyojengwa, na hilo halimo katika kamusi hata ukiikariri yote.

Tuanze na jambo linalowasumbua zaidi wanafunzi waliozoea kufikiri kwa Kiswahili, yaani misururu ya majina. Kiingereza cha kiufundi hupanga majina manne au matano kwa mfuatano bila kiunganishi chochote, na jina linalotaja kitu chenyewe huwekwa mwisho, ilhali sisi hulitanguliza kisha tukalifafanua kwa "wa", "ya" na "cha". Chukua maneno haya ambayo utayakuta katika nyaraka za kituo chochote cha kupoza umeme: "high voltage circuit breaker maintenance procedure". Ukianza kuyaelewa kutoka kushoto, utabeba dhana nne kichwani kabla hujajua kinachozungumzwa ni kitu gani, na ukifika mwisho utakuwa umekwisha choka. Yasome kutoka mwisho kwenda mwanzo, nayo yatajipanga yenyewe kwa Kiswahili: utaratibu, wa matengenezo, ya sakiti breka (swichi inayokata umeme kukiwa na hitilafu), ya umeme wa msongo mkubwa. Angalia pia kwamba "high" inashikamana na "voltage" peke yake, wala haisemi kwamba breka ni ndefu au iko juu. Kuamua neno gani linashikamana na lipi ni kazi ya msomaji, na huwezi kuifanya vizuri bila kuujua mtambo, ndiyo maana ninasisitiza kwamba lugha hii haifunzwi kando ya fani yako.

Usidhani ugumu huu ni wako peke yako au ni wa Watanzania. Watengenezaji wa ndege waliuona zamani, kwa sababu mafundi wanaohudumia ndege duniani wengi wao hawakuzaliwa na Kiingereza, na fundi akikosea kusoma maelekezo watu wanaweza kufa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikaa pamoja kutengeneza Kiingereza kilichowekewa mipaka kwa ajili ya miongozo ya matengenezo, wakatoa toleo la kwanza mwaka 1986, na leo kiwango hicho kinaitwa ASD-STE100. Kinaagiza kwamba msururu wa majina usizidi maneno matatu, sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, sentensi ya maelezo isizidi 25, na kila neno lililoidhinishwa litumike kwa maana moja tu. Ninakushauri uzifahamu kanuni hizo mapema, si kwa sababu miongozo yote inazifuata (mingi haizifuati kabisa), bali kwa sababu zinakuonyesha sentensi ngumu inavyoweza kuvunjwavunjwa. Ukikutana na sentensi ya maneno 45, ichane mwenyewe ziwe tatu kwenye daftari lako, kila moja ikiwa na tendo moja.

Baada ya misururu, kuna maneno madogo yanayobeba uzito mkubwa, na hapa ningependa tukae kidogo. Katika viwango vya kimataifa, "shall" ni sharti lisilokwepeka, "should" ni pendekezo, "may" ni ruhusa, na "can" hueleza uwezo au uwezekano. Mwanafunzi anayeyatafsiri yote manne kwa "inaweza" au "inapaswa" atafanya usanifu usiokubalika bila kujua amekosea wapi. Wenzako wanaosoma mawasiliano ya kompyuta wanayo hati fupi inayofafanua maneno ya aina hii kwa itifaki za intaneti, RFC 2119 ya Machi 1997, yenye kurasa tatu tu; isome hata wewe wa umeme. Vivyo hivyo kwa vibandiko vya tahadhari kwenye mitambo. Katika mfumo wa Marekani unaotumika sana, "Danger" husema kwamba usipoepuka hatari hiyo utakufa au utaumia vibaya, na "Warning" husema kwamba unaweza kufa au kuumia vibaya. "Caution" ni kwa majeraha madogo au ya wastani, na "Notice" ni kwa uharibifu wa mali bila kuumiza mtu. Kamusi ya kawaida itakupa "hatari", "onyo" na "tahadhari", ambayo kwetu sisi ni karibu kitu kimoja, na ukifungua paneli yenye umeme kwa uelewa huo unahatarisha maisha yako.

Weka katika kundi hilohilo "unless", "provided that", "whereas" na "respectively". Hayo si maneno ya uhandisi, lakini ndiyo yanayoamua kama umeielewa sentensi. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, yanayojirudia katika masomo mbalimbali na kuchukua takribani asilimia 10 ya matini za vyuo vikuu. Humo wamo akina "assume", "derive", "vary" na "subsequent". Ukitaka kuendelea kukariri, acha yale thelathini ya kamusi ya uhandisi, chukua matano ya aina hii kila siku, na yawe yale tu uliyokutana nayo katika notisi zako za juma hilo, kila moja likiwa ndani ya sentensi ulimolikuta.

Sasa nikuonyeshe zoezi ninalolithamini kuliko mengine yote, nalo halihitaji fedha. Nenda penye mota. Mkoa wetu unazo nyingi: kwenye mashine za kukamulia alizeti, kwenye vinu vya nafaka vya Kibaigwa, kwenye visima. Omba ruhusa, mashine ikiwa imezimwa, uandike kila kilichomo kwenye bamba la mota. Chukulia umekuta 2.2 kW, 400 V, 4.7 A, 50 Hz, mizunguko 1,430 kwa dakika, cos φ (power factor) 0.81, IP55, S1. Rudi chumbani ugeuze kila kipengele kuwa sentensi kamili ya Kiingereza, kwa mfano: "The motor delivers 2.2 kW at the shaft when it is supplied at 400 V and 50 Hz." Utalazimika kujiuliza hizo kilowati 2.2 ni za umeme unaoingia au za kazi inayotoka, na hapo hesabu yako itakusaidia: ukizidisha kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.732, kwa 400, kwa 4.7, kwa 0.81, unapata karibu 2.6 kW. Kwa hiyo 2.2 ni nguvu inayotoka kwenye shafti, na tofauti ni hasara ndani ya mota. Utajua kwamba S1 ni kazi ya mfululizo, na kwamba katika IP55 tano ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi na ya pili ni kinga dhidi ya maji yanayorushwa kwa bomba. Bamba moja litakupa sentensi nane au tisa sahihi, na kila moja utaielewa hadi chini kwa sababu umeikagua kwa hesabu.

Katika kuandika ripoti za maabara, kanuni ni chache. Ulichofanya kiandike kwa wakati uliopita na kwa kauli ya kutendwa, kwa sababu msomaji anataka kujua kipimo, si mpimaji. Kile ambacho grafu inaonyesha kiandike kwa wakati uliopo. Mwanafunzi aliyeandika "We was taking the voltage and it was being 11.8" alimaanisha "The voltage was measured at the battery terminals and found to be 11.8 V", na uone jinsi sentensi ya pili inavyotaja pia mahali pa kupimia na kizio. Vizio navyo ni sehemu ya lugha: acha nafasi kati ya namba na kizio, usiongeze "s" ya wingi, na usichezee herufi kubwa na ndogo. Kituo cha kuzalisha umeme cha Mtera kina uwezo wa 80 MW (megawati). Ukiandika 80 mW (miliwati) umeupunguza mara bilioni moja, na umeme huo hautoshi hata kuwasha tochi ya simu.

Kuhusu kozi ya mazungumzo, si kitu kibaya, na itakufaa utakapokaribia usaili wa kazi au kuwasilisha mradi wako wa mwaka wa mwisho. Lakini haitakufundisha kusoma mwongozo wa mtambo, na kama fedha ni za shida ningekushauri usiende sasa. Tumia kwanza somo la stadi za mawasiliano ambalo vyuo vyetu vingi huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na umpelekee mwalimu wako wa lugha aya za kwenye vitabu vya umeme badala ya kusubiri mifano ya jumla.

Na Kiswahili? Kujadiliana kwa Kiswahili si kosa hata kidogo, na ninasikitika kila ninapomsikia kijana akikionea haya. Dhana ya kuchelewa kwa mkondo nyuma ya volti inaeleweka haraka zaidi ikijadiliwa katika lugha mnayoifikiria, na aliyeielewa atapata maneno ya kuieleza, wakati aliyekariri maneno bila dhana atakwama swali likigeuzwa kidogo tu. Sharti ninaloweka ni moja: mjadala usiishie hapo. Mtihani, ripoti na mikataba vitakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo mkimaliza, mmoja wenu asimame aeleze hitimisho kwa Kiingereza kwa dakika mbili bila kusoma popote, na wengine wasimkatize. Atamke na milinganyo pia, kwa sababu wengi tunaweza kuiandika lakini hatujawahi kuisema.

Utakapokwenda fildi, iwe ni kwenye kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, kwenye reli ya kisasa inayotumia umeme wa 25 kV, au kwenye pampu za maji za Mzakwe, utakuta mafundi wenye ujuzi mkubwa wanaozungumza lugha ya kazi. Fundi atakwambia "ovalodi imekata", yaani kinga ya mota dhidi ya mzigo uliozidi imekata umeme, na mwongozo utaandika "the thermal overload relay has tripped". Muulize fundi kwa Kiswahili na kwa heshima, msikilize hadi amalize, kisha jioni hiyohiyo, kabla hujasahau, andika tukio hilo kwa Kiingereza kwenye kitabu chako cha kumbukumbu za mafunzo: nini kilitokea, kilipimwaje, kilirekebishwaje. Usingoje mwisho wa juma kujaza kurasa zote kwa mkupuo kama wafanyavyo wengi, kwani hapo utakuwa unanakili sentensi za mwenzako badala ya kujenga zako.