Maswali ya Wasomaji: Breki za Lori Zinapopata Moto

Swali: Lori likifika kituo cha ukaguzi huko Marekani breki zikifuka moshi baada ya mteremko mrefu, je, moshi peke yake unatosha kulizuia lisiendelee na safari?

Jibu: Inategemea moshi umetoka wapi. Vigezo vya CVSA, muungano unaoweka viwango vya ukaguzi wa barabarani kwa Marekani, Kanada na Meksiko, vinataka lori lizuiwe pale moshi au moto wa gurudumu unapoletwa na hitilafu ya breki. Joto la breki iliyotumika mno mlimani halihesabiwi hapo. Ndiyo maana mkaguzi makini huanza kwa kulinganisha magurudumu. Yakifuka yote kwa kiasi kilekile, dereva alikanyaga breki mlima mzima badala ya kushusha gia mapema na kuiachia injini kazi. Likifuka moja tu, shuku kifaa: springi ya kurudisha viatu (vipande vinavyobana dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) imekatika, kemshafti inayovisukuma imekauka grisi na hairudi, au handbreki, ambayo huachiwa kwa upepo, haiachii vizuri kwa kuwa upepo unavuja. Beringi inayokufa nayo huleta moshi, ila joto lake hukaa katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) kuliko kwenye dramu.

Na msilisahau gurudumu la baridi. Kama mengine yanaunguza na moja limetulia, hilo ndilo gonjwa: halishiki, na wenzake wanabeba mzigo wake. Kamera za joto zinazotumiwa kando ya barabara hufichua magurudumu ya namna zote mbili, na kwa maoni yetu lile la baridi ndilo linalopuuzwa zaidi.

Swali: Kwa nini mafundi hukataza kurekebisha slaki adjasta (mkono unaozungusha kemshafti) breki zikiwa za moto?

Jibu: Kwa sababu dramu ya chuma cha kutupwa hutanuka. Yenye kipenyo cha milimita 419, joto likipanda kwa nyuzi 300 za Selsiasi, huongezeka karibu milimita 1.4, yaani 0.7 kila upande. Ni kidogo, lakini mkono wa slaki ni mrefu mara kumi hivi kuliko sehemu ya kemu inayosukuma viatu, kwa hiyo fimbo ya busta (chombo cha upepo kinachosukuma slaki) hulazimika kutoka milimita 7 au 8 zaidi. Ukikaza wakati huo, dramu ikipoa itavibana viatu, na gurudumu litaanza kupata moto hata bila breki kukanyagwa.

Kipimo cha moto, hata hivyo, si cha uongo, maana hicho ndicho kinachotokea mlimani. Busta ya kawaida ya aina ya 30 ina mwendo wa milimita 64 kwa jumla, na kikomo chake cha ukaguzi ni 51. Fimbo inayotoka 49 breki zikiwa baridi inaonekana salama. Ongeza 8 za joto, inabaki nafasi ya milimita 7 tu kabla ya kugota. Kupima: weka kabari, achia handbreki, tia alama kwenye fimbo inapotokea kwenye busta. Hakikisha mitungi ina upepo wa psi 90 hadi 100, zima injini, mtu akanyage breki hadi mwisho na kushikilia, kisha pima alama imesogea kiasi gani. Angalieni aina ya busta kwanza, kwa sababu ile ya mwendo mrefu, yenye matundu ya upepo yaliyozungukwa na umbo la mraba, ina kikomo cha milimita 64.

Breki mbovu zikifika asilimia 20 ya zote, gari linazuiwa. Kwa lori na trela yenye breki 10, ni mbili tu. Na slaki ya kujirekebisha yenyewe ikipita kikomo, kuikaza kwa spana ni kuficha ugonjwa. Tafuta bushi iliyolika au slaki iliyokufa.

Swali: Nyufa ndogo ndani ya dramu ni kosa?

Jibu: Vile vistari vyembamba na vifupi vya joto, hapana. Ufa unaoonekana nje ya dramu na kufunguka breki ikikanyagwa, ndiyo, na dramu hiyo haitengenezeki.

Swali: Breki zimefuka moshi njiani. Nifanye nini?

Jibu: Simama mahali tambarare, weka kabari, na kama lori halitasogea usivute handbreki: dramu inayosinyaa juu ya viatu vilivyobanwa inaweza kung'ang'ania au kupasuka. Usimwagie dramu maji, chuma cha kutupwa hakivumilii kupozwa ghafla. Mambo hubadilika tairi likishika moto. Hapo maji mengi ndiyo dawa, maana kizimamoto cha unga huua mwali lakini hakipozi mpira, nao huwaka upya. Usisimame ubavuni mwa gurudumu, kwani tairi lililochemka ndani linaweza kulipuka hata baada ya mwali kuzimika. Kama huna maji ya kutosha, ondoka mbali na uite zimamoto.