Ukilenga kushoto, mpira utazidi kwenda kulia

SWALI: Mwalimu, nacheza gofu mwaka wa pili sasa, natumia mkono wa kulia. Aironi fupi, zile fimbo za chuma za masafa mafupi, hazinisumbui, ila nikishika draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, mpira unaanza katikati kisha unapinda kulia mpaka vichakani. Wenzangu wanasema nilenge kushoto na nisiinue kichwa. Nimewasikiliza, na mambo yameharibika zaidi. Ninunue draiva ya kuzuia slaisi, yaani huko kupinda kulia?

JIBU: Yameharibika kwa sababu umewasikiliza. Mpira huanzia pale uso wa fimbo ulipotazama wakati wa kugusana, kwa sehemu kubwa. Hupinda kulia pale uso huo unapokuwa umefunguka, yaani umegeukia kulia kuliko njia ambayo fimbo inapita. Ukigeuza miguu na mabega kushoto, njia ya fimbo nayo inahamia kushoto, lakini mikono bado inautazamisha uso katikati ya uwanja. Pengo limeongezeka, slaisi imeongezeka. Aironi fupi zinaficha kosa hilohilo kwa kuwa uso wake umelala zaidi, na mpira huinuka badala ya kupinda sana.

Anza na mshiko. Fimbo ilale kwenye mizizi ya vidole vya mkono wa kushoto, si katikati ya kiganja. Ukitazama chini uone vifundo viwili hadi vitatu. Ukiona kimoja tu, hapo ndipo uso unapofungukia. Mpira ukae mkabala na upande wa ndani wa kisigino cha kushoto. Ukiusogeza mbele zaidi, mabega yanafunguka, yaani yanageukia kushoto, hata kabla hujaanza.

Kisha njia. Chukua aironi namba 7, weka boksi tupu la mipira sentimita 5 hivi ng'ambo ya mpira na nyuma yake kidogo, upige kwa nusu ya nguvu. Ukiligonga boksi, fimbo imetokea nje, ng'ambo ya mpira, ikielekea kushoto: mabega yamewahi kuzunguka. Unaposhuka, uzito uhamie mguu wa kushoto kwanza, ndipo mikono ifuate. Mwanzoni mipira itakwenda kushoto moja kwa moja. Usirudie mshiko wa zamani. Ni njia ambayo haijanyooka bado.

Na hicho kichwa, jamani! Kukikandamiza chini baada ya kupiga kunazuia kifua kuzunguka, na mgongo ndio unaolipa. Kiache kifuate mpira.

Draiva unayoitaka ipo: uzito wake umesogezwa upande wa kisigino cha fimbo, yaani sehemu ya kichwa chake iliyo karibu na mpini, nayo hupunguza mpindo kidogo. Lakini hairekebishi njia mbovu. Kabla ya kutoa pesa, paka poda ya watoto kwenye uso wa draiva uliyonayo, piga mipira mitano, utazame alama. Zikirundikana karibu na mpini, hapo tu pana slaisi ya kutosha, na utaibeba uende nayo kwenye fimbo mpya. Hao wa video za dakika moja na glavu za maajabu wanakupa tiba bila kuuona mpira wako ukiruka. Mwalimu atakayekusaidia atataka kwanza kujua mpira unaanzia wapi na unapindia wapi. Asiyeuliza hayo, usimlipe.