Maswali ya Wasomaji: Soli ya ndani ya elfu tatu na ya elfu hamsini zinatofautiana nini?

SWALI: Mimi ni muuguzi, nasimama zamu nzima. Mnadani nauziwa soli za ndani za viatu kwa shilingi 3,000, dukani naambiwa 50,000. Zote naona ni sponji iliyofunikwa kitambaa. Hizo 47,000 za juu nalipia nini?
Muuguzi, Dodoma

JIBU: Dada, unalipia mambo manne, na moja kati yake halina faida yoyote kwa miguu yako.

La kwanza ni sponji yenyewe. Soli nyingi za bei ya chini hukatwa kutoka kwenye shiti la EVA, jamii ya ile sponji ya kandambili, ila hii imeumuliwa sana ili malighafi kidogo itoe jozi nyingi. Mara nyingi huchanganywa na unga wa chokaa ili bei ishuke zaidi. Matokeo yake ni kwamba kuta za vipovu vya hewa vilivyomo ndani huwa nyembamba na dhaifu. Zikikanyagwa hujikunja, nyingine hupasuka, na sponji hairudi juu tena. Mtu anayepiga hatua 10,000 kwa siku huukanyagia kila mguu mara 5,000, na katika kila hatua sakafu husukuma kwa nguvu inayozidi kidogo uzito wa mwili wake. Soli ya milimita 4 ya namna hiyo haichukui muda kabla ya kubonyea kabisa chini ya kisigino na pale chini ya vidole mguu unapojisukumia. EVA nzito, au sponji ya aina nyingine iitwayo poliyurethani inayomiminwa ikiwa majimaji na kuumukia ndani ya kalibu, hula malighafi nyingi zaidi kwa kila jozi. Hapo pesa yako imeenda mahali pake.

Usidanganywe na ulaini. Sponji ambayo kidole kinaizamisha kwa raha dukani ndiyo itakayofika chini ukiisimamia kwa kilo 70. Ile inayobaki na alama ya kidole kwa sekunde kadhaa ni nzuri ikiwa tabaka jembamba la juu tu. Ikiwa soli nzima imetengenezwa nayo, kila inapopata joto la mguu huzidi kulainika, na mguu unabaki bila kitu cha kuushika.

La pili ni umbo. Kukata soli bapa kwa kisu cha mashine ni kazi rahisi. Soli yenye umbo huhitaji kalibu ya chuma au alumini kwa kila namba, ya kulia na ya kushoto, na gharama ya kalibu hizo inagawanywa kwenye kila jozi inayouzwa. Ndani ya umbo hilo mna kikombe cha kisigino, ambacho huzuia nyama laini ya chini ya kisigino isitawanyike pembeni ukikanyaga. Nyama hiyo ndiyo mto wako wa asili, na inafanya kazi vizuri zaidi ikibaki mahali pake. Kisha kuna tao la unyayo, ambalo kwenye soli nzuri hushikiliwa kwa chini na kibao chembamba cha plastiki ngumu, kama polipropilini au nailoni. Soli nyingi za mnadani zina tao la kuchorwa tu: uvimbe wa sponji laini, ukiubonyeza kwa gumba unalala.

La tatu ni kitambaa na gundi. Kitambaa kilichobandikwa kwa gundi hafifu huanza kuachia pembeni kwa jasho, kikajikunja chini ya vidole na kukutoa malengelenge. Kilichoshikishwa kwa joto na mgandamizo wakati sponji inapewa umbo hakiachii kirahisi.

La nne ni boksi, matangazo, jina kubwa na faida za waliopokezana mzigo njiani. Hili halikusaidii hata kidogo, na ndilo linalofanya soli ya 50,000 wakati mwingine isiizidi ya 20,000. Jeli tunaiweka hapa mara nyingi. Inapendeza machoni, lakini ni nzito na haipitishi jasho; kipande kidogo cha jeli chini ya kisigino kina maana, soli nzima ya jeli kwa mtu wa zamu ndefu hatuishauri.

Kwa hiyo usiangalie bei kwanza. Ishike soli mkononi ufanye hivi: bonyeza sehemu ya kisigino kwa gumba kwa nguvu ukihesabu hadi kumi, uachie, shimo likibaki, irudishe. Finya kingo za kikombe cha kisigino kuelekea katikati, zisigusane kirahisi. Ikunje: inatakiwa ijikunje pale vidole vinapoanzia, si katikati ya tao. Jaribu kung'oa kitambaa kwa ukucha pembeni. Mwisho, sugua kitambaa kwa leso nyeupe yenye maji, maana rangi ikitoka hapo itatoka pia kwenye soksi zako.

Je, utaokoa pesa? Tuseme ya 3,000 inakaa mwezi mmoja na ya 50,000 inakaa mwaka: ya mnadani itakula 36,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo ya bei rahisi bado ni nafuu. Sababu ya kununua iliyo bora ni kwamba inakushika miezi yote hiyo, wakati ile nyingine inakufaa siku za mwanzo tu za kila jozi. Kwa mtu anayekaa mezani kutwa, ya 3,000 inatosha.

SWALI: Nimenunua soli nzuri, lakini viatu vimekuwa vinabana na kisigino kinachomoka. Nimeibiwa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Huenda umeiweka juu ya ile ya zamani. Itoe kwanza. Ikiwa imegandishwa, ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika moja au mbili, kisha ivute taratibu kuanzia kisigino. Ilaze ya zamani juu ya mpya, visigino vikiwa sawasawa, uchore kwa kalamu na kukata sehemu ya vidole peke yake, milimita 2 nje ya mstari. Ukiijaribu, punguza kidogo kidogo. Ukikata nyuma au ubavuni umeharibu kikombe na tao, na hakuna dawa. Siku ya kwanza vaa saa 1 au 2, uongeze kila siku. Kama baada ya yote hayo kisigino bado kinachomoka, kiatu chenyewe ni kifupi kwa kina. Soli nene inataka kiatu cha kamba chenye nafasi.

SWALI: Niliweka jozi ya bei ghali kabatini nikingoja viatu vipya. Baada ya miaka michache nimeitoa, inabomoka kama keki. Haikuvaliwa hata siku moja!
Msomaji, Mombasa

JIBU: Pole sana. Hiyo ni poliyurethani, na adui yake ni unyevu pamoja na joto, vitu ambavyo Pwani havikosekani. Maji yaliyomo hewani hukata minyororo ya kemikali inayoishikilia sponji, taratibu, iwe inavaliwa au imefungiwa. Aina inayotokana na poliesta hudhurika mapema kuliko inayotokana na polietha, ila boksi kwa kawaida halisemi ni ipi. Ndiyo sababu hiyo hiyo raba za mitumba zinazoonekana mpya huachia soli barabarani wiki ya kwanza. Usinunue soli za akiba. Kwa Pwani, EVA nzito inavumilia unyevu vizuri zaidi, lakini nayo usiianike juani wala kuiacha ndani ya gari lililofungwa, kwa kuwa joto huifanya isinyae na kupinda. Ioshe kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikamue kwa taulo bila kuisokota, uikaushe kivulini hadi siku inayofuata.

SWALI: Kisigino kinaniuma sana ninapokanyaga chini asubuhi. Nimeambiwa nitengenezewe soli maalumu kwa bei kubwa. Nikubali?
Mwalimu, Arusha

JIBU: Anza na ya dukani yenye umbo imara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 nchini Australia uliwagawa watu 135 wenye maumivu ya namna hiyo katika makundi matatu: soli za kutengenezewa, soli za dukani zilizo imara, na sponji nyembamba isiyo na msaada. Kwenye miezi 3, makundi mawili ya kwanza yalikuwa na nafuu kidogo zaidi katika kutembea na kazi, na hayakutofautiana. Kwenye miezi 12, makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa. Soli ya kutengenezewa ina kazi yake kwa mguu wenye umbo lisilo la kawaida. Wewe nyoosha misuli ya shavu la mguu kila siku, na maumivu yakipita miezi 3 bila kupungua umwone daktari.

SWALI: Baba yangu ana kisukari. Nataka nimnunulie zile za jeli.
Msomaji, Moshi

JIBU: Ngoja kidogo. Mwambie afumbe macho, kisha umguse kwa ncha ya kidole chako, taratibu sana, sekunde 1 au 2, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Aseme kila anapohisi. Kati ya sehemu hizo 6, akikosa 2 au zaidi, miguu yake imepungukiwa hisia, na soli ya kubahatisha inaweza kumtia kidonda asijue: inakijaza kiatu, vidole vinasuguliwa juu, naye hasikii maumivu. Mpeleke wapimapo miguu. Hapo Moshi kuna hospitali ya KCMC yenye karakana ya viungo bandia, na Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT. Huko hutengenezwa soli ya matabaka, laini juu na imara chini, na huangaliwa kama kiatu kina kina cha kutosha. Hata akiipata, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, na wewe umkague nyayo na katikati ya vidole kila jioni. Ukiona wekundu usioisha baada ya nusu saa ya kuvua kiatu, aache kukivaa na arudi kliniki.