Ananirudishia maneno niliyomwandikia dada yangu

Shangazi, simu yangu alininunulia mume wangu, na laini imesajiliwa kwa jina lake. Siku hizi ananirudishia neno kwa neno niliyomwandikia dada yangu kwenye WhatsApp, na nilipokwenda Koboko bila kuaga alinikuta huko huko. Ameshanipiga mara mbili. Je, nibadilishe maneno ya siri yote usiku huu? (Msomaji, Arua)

Mwanangu, pole sana. Umeniandikia kwa simu ya dada yako, na hapo umefanya vyema. Usibadilishe kitu usiku huu, wala usifute. Najua moyo unataka kumfungia mlango mara moja, lakini mtu aliyezoea kukuchungulia akikuta giza ghafla atajua umemshtukia, na nachelea kwamba saa hiyo ndiyo atakayoinua mkono tena. Simu yako iache iendelee kuzungumza mambo ya kila siku, bei ya muhogo, homa ya mtoto, salamu za mama, na mambo yako ya kweli yapitie kwa dada.

Fungua WhatsApp, uingie kwenye vifaa vilivyounganishwa. Ukiona hapo kompyuta ambayo hujawahi kuigusa, basi dirisha analochungulia ni hilo; dakika chache na simu yako wakati unaoga zilimtosha kulifungua. Lipige picha kwa simu ya dada, kisha uliache lilivyo. Vitisho alivyokuandikia na alama za kipigo vipigwe picha vivyo hivyo, kwa simu ile, bila kutumwa kutoka kwako. Koboko huenda alikufuata kwa ramani ya simu, kwa hiyo siku ya kutafuta msaada simu ibaki pale anapotarajia uwe, iwe sokoni au nyumbani.

Laini nayo isikupite hivi hivi. Aliyesajiliwa ndiye anayeweza kuomba laini mbadala, na pamoja nayo namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe, kwa hiyo usiweke akiba yako ya kuondokea humo. Mwombe dada akutunzie, pamoja na nakala ya kitambulisho chako na vyeti vya watoto.

Sheria ya Uganda ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 haihesabu kipigo peke yake. Mateso ya moyo na ya kiuchumi yamo pia, na hakimu anaweza kutoa amri ya kukulinda. Piga 116, namba ya msaada iitwayo Sauti, ambayo ni bure, au nenda polisi ukaulizie kitengo cha kulinda mtoto na familia, ukiwa na picha zile. Akikutishia maisha, usingoje mpango ukamilike: toka, upige 999 kwa simu yoyote iliyo karibu.

Maneno ya siri utayabadilisha ukishakuwa mahali asipoweza kukufikia, na ukipata simu na laini nyingine itakuwa bora zaidi. Hadi hapo, niandikie kwa simu ya dada tu.