Shangazi, nikate au nisikate?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34 na watoto wawili, naishi kwa mama yangu Makorora, hapa Tanga. Niliachika miaka miwili iliyopita, baada ya ndoa ya miaka tisa. Nilitoka na watoto na begi la nguo. Sikudai kitu, kwa sababu nilikuwa mama wa nyumbani tu, sikuchangia chochote.*

*Sasa nashonea kwa fundi mmoja Ngamiani. Kushona najua, wateja wanaipenda kazi yangu. Juzi gauni la bibi harusi lilimbana kifuani, fundi kasafiri, nikalifumua usiku nikaliongeza pembeni, asubuhi akalivaa akatoka. Lakini kukata siwezi, Shangazi. Nikishika mkasi mkono unatetemeka. Nikiwa kwa mume wangu nilikata pazia likatoka fupi. Alilitundika hivyohivyo sebuleni, kila mgeni akija anaoneshwa: "Tazameni kazi ya fundi wangu." Tangu siku hiyo sikati.*

*Kuna mama ana fremu jirani na kazini kwetu. Amechoka, anarudi kwao Pangani, anataka kuniachia fremu na cherehani zake mbili. Cherehani nimlipe kidogo kidogo, kodi nimlipe mwenye nyumba miezi sita. Kaka yangu anasema nikope. Mama anasema nitulie, nitapata mume. Shoga yangu anasema fremu ile ina husda. Nimeswali istikhara mara nyingi, sijaota kitu. Nina akiba yangu ya mchezo, sijakosa kutoa hata wiki moja tangu niachike, nyumbani hawajui. Silali. Nimefika mahali sijui hata mimi mwenyewe nataka nini. Niamulie wewe, niichukue au niiache? Na nikiichukua bila ruhusa ya kaka, si nitakuwa nimemdharau?*

*Mama wawili, Makorora*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeirudia, na kila nikirudia nasimama palepale, kwenye gauni la bibi harusi. Umeliandika kwa haraka, kama mtu anayepita njia, kisha ukakimbilia kusema huwezi kukata. Hebu turudi usiku ule. Gauni limebana kifuani, na nguo haiongezwi pembeni kwa sindano peke yake. Ulifumua mshono wa ubavuni kuanzia kwapani. Ukapima upungufu ni kiasi gani. Ukatafuta kitambaa kinachokaribiana na kile, ukachora kipande chembamba, ukaacha nafasi ya mshono kila upande. Kisha ukakikata. Bitana nayo ukaikata. Fundi hayupo, bibi harusi analia, asubuhi inakuja, na kwenye chumba kile hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kwa hiyo kukata unaweza. Ulikata nguo ngumu kuliko zote, ya watu, ya siku ambayo hairudiwi, na ikamkaa mwenyewe. Kinachokushinda ni kukata ukiwa na nafasi ya kumsikia yule bwana kichwani.

Nataka nimseme kidogo, kwa sababu wewe umemsema kwa adabu mno. Pazia fupi ni jambo la kila siku. Mwenye nyumba hushonea pindo la rangi nyingine chini, likawa pambo, maisha yakaendelea. Mume anayeliacha pazia likining'inia ili wageni wamcheke mkewe anafanya ukatili, na ukatili huo hauachi alama mwilini ambayo mama yako angeiona ulipovuka kizingiti chake. Mtu akikaa miaka akichekwa kwa alichoamua, hujifunza kutoamua. Anauliza kwanza. Akikosea baada ya kuuliza, lawama si yake peke yake. Kuuliza kulikuwa ngao yako katika nyumba ile, na sikulaumu hata kidogo. Ila nyumba ile umeshatoka, na ngao bado umeishika.

Kuna mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Albert Bandura, ambaye mwaka 1977 aliandika juu ya jambo hilihili: mtu hupata wapi imani kwamba jambo fulani analiweza? Alitaja vyanzo vinne. Chenye nguvu kuliko vyote ni kazi ambayo mtu ameifanya kwa mikono yake ikafanikiwa. Kinachofuata ni kumwona mtu wa hali yako akiiweza. Kisha maneno ya watu, ya kutia moyo au ya kuvunja. Na cha nne ni mwili wenyewe, yaani namna mtu anavyojisomea mapigo ya moyo na jasho la viganja.

Nimekuletea hayo kwa sababu mbili. Kwanza, wewe unatafuta nguvu kwenye maneno. Umeyatafuta kwa kaka, kwa mama, kwa shoga, na sasa kwangu. Hata nikikuandikia kurasa kumi za kukusifu, sitakupa kile kilichokupa gauni lile, na gauni lile hujajihesabia. Pili, mkono kutetemeka umeufanya hukumu, kwamba mkono unaotetemeka haujui kazi. Mkono hutetemeka kwa hofu, na hofu yako ina historia, tumeshaiona. Wapo mabibi harusi wanaotetemeka siku ya ndoa na wanaume wanaotetemeka wakisimama kuozesha binti zao, na shughuli inapita vizuri. Utatetemeka mwanzoni. Kata hivyohivyo.

Uanze vipi? Kwa karatasi ya kaki. Chukua vipimo vya binti yako au mwanao, bega, kifua, urefu, uchore kipande cha mbele na cha nyuma, ukate karatasi mpaka mkasi uzoee kutembea bila kusimamasimama. Kisha nunua mita mbili za bafta au kitambaa chochote cha bei ya chini. Kitandaze mezani, kinyooshe uzi, pima kwa futi kamba, chora kwa chaki, pima tena. Hapo ndipo pa kuangalia sana, kwa sababu ndipo ulimi wako utakapotaka kumwita mtu, "Hebu njoo unitazamie." Usimwite. Hata kama fundi amekaa hatua mbili kutoka ulipo. Kata, shona, mvalishe mtoto. Ikibana kwapani, fumua utazame ulikosea wapi, kisha kata nyingine. Kosa ulilolitengeneza mwenyewe litakufaa kuliko nguo kumi ulizokatiwa.

Baada ya hapo mwombe fundi akuachie sketi za wateja, halafu magauni. Mwambie wazi kwamba unataka kujifunza kukata. Akikataa kwa kuogopa utamkimbia, basi amekuambia jambo moja zaidi la kuweka kwenye mizani yako.

Na hili la kukata bila kumwita mtu, lipeleke nyumbani pia. Leo usimuulize mama mpike nini, pika. Watoto wavae nini Idi, amua, nunua. Najua ni mambo madogo na unaweza kuona nakuchezea. Sikuchezei. Mtu aliyepoteza imani na nafsi yake huirudisha kwa namna ileile anavyoirudisha imani kwa mtu mwingine: anajiambia neno dogo, analitimiza, kesho tena. Na wewe umeshalifanya hilo bila kujua. Miaka miwili ya mchezo bila kukosa hata wiki moja, ukiwa huna mume na watoto wawili wanataka daftari na uji! Kijumbe wako, anayekusanya fedha za mchezo, angeulizwa nani wa kutegemewa, angekutaja wewe. Nafsi yako ina haki ya kusikia ushahidi huo.

Istikhara ni jambo jema, usiiache. Lakini masheikh wengi wanafundisha kwamba haina sharti la ndoto. Unaswali rakaa zako mbili, unamwachia Mola, unatafuta ushauri kwa anayejua, kisha unaliendea jambo. Likiwa na heri litafunguka, likiwa halina litajizuia. Ukiirudia kila usiku huku umeketi pale pale, umeigeuza kuwa njia nyingine ya kumuuliza mtu mwingine akuamulie.

Husda ya fremu naipita. Yule mama ameishi kwayo na anaondoka kwa hiari yake. La mama yako kuhusu mume, mwitikie kwa heshima, inshallah, na uendelee kufanya kazi. Mume mwema akija atakukuta na cherehani zako.

Sasa fremu. Umeniomba nikuamulie, na hilo sitalifanya, lakini maoni yangu sitayaficha: naiona ni nafasi nzuri, na naona usiichukue leo. Fundi wa kushona anayemtegemea mwingine kumkatia atafunga fremu wiki ya kwanza mkataji akiugua. Nenda kwa yule mama, umwambie unaitaka, umwombe muda wa kujiandaa. Muulize mambo ambayo hakuna kati ya uliowauliza anayeyajua: kwa mwezi usio na sikukuu anaingiza nguo ngapi, umeme unamla kiasi gani, mwenye nyumba anapandisha kodi mara ngapi, wateja gani hawalipi. Zitazame cherehani zikifanya kazi, si zikiwa zimefunikwa. Mkikubaliana bei na awamu za malipo, yaandikwe, kila mmoja asaini mbele ya mashahidi. Na mkataba wa pango uwe wa jina lako, usiingie kwa mgongo wa jina lake.

Fedha ya kodi itoke kwenye akiba yako. Isipotosha, subiri mzunguko wako wa mchezo. Kaka yako akisema ukope, muulize wapi. Kama ni hii mikopo ya mitaani tunayoiita kausha damu, kataa bila kujieleza sana, maana marejesho yake hayasubiri mteja akulipe na wanaokuja kudai huondoka na cherehani. Ukihitaji mkopo, nenda ofisi ya kata yako ukamwone ofisa maendeleo ya jamii. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Sharti ni kikundi kilichosajiliwa, na wenzako wa mchezo wanaweza kuwa kikundi hicho.

Ukishapata majibu hayo, kaa peke yako. Ukienda Raskazone jioni ukatazama bahari, sawa, ukijifungia chumbani, sawa. Andika kwa mkono wako unachotaka. Umesema hujui unataka nini, nami siamini. Mtu asiyejua anachotaka hafichi akiba miaka miwili.

Kuna neno moja limeniuma nami siwezi kuliacha. Umesema hukudai kitu kwa kuwa hukuchangia. Nani alikuambia? Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru mgawanyo wa mali ambayo wanandoa wameichuma kwa juhudi za pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Kupika kwako, kufua kwako, kulea kwako miaka tisa ni kazi iliyomwezesha yeye kutoka kwenda kutafuta. Ni kiasi gani ungestahili, hilo ni la mahakama. Watoto nao wana haki ya matunzo kutoka kwa baba yao kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hata kama nyinyi wawili hamsemezani. Mtafute msaidizi wa kisheria wa eneo lako, huduma yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na ni bure kwa asiye na uwezo. Mwambie tangu mwanzo kama talaka yako ilipita mahakamani au uliachwa kwa karatasi ya mkononi, maana hatua za kufuata zinatofautiana. Kudai au kutodai ni uamuzi wako. Nisingependa tu uendelee kuamini kwamba hukufanya kitu.

Na kaka yako. Mwanamke wa miaka 34 anayelisha watoto wake hamdharau kaka kwa kupanga fremu. Angemdharau kama kaka angeyasikia kwanza mitaani. Kwa hiyo, ukishaamua, na si kabla, mfuate siku ametulia, baada ya chakula, umwambie hivi: "Kaka, nimeamua kuchukua fremu ya yule mama. Fedha ya kodi ninayo, mkopo sichukui. Nimekuja kukuarifu, na nakuomba siku ya kuhamisha vitu uje unisaidie kubeba cherehani." Akinuna, mwache anune siku mbili tatu. Akiuliza fedha umeitoa wapi, mwambie kwenye mchezo.