Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Krismasi ni Tarehe 25 Desemba?

Swali: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi nauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Kila mwaka, nguo za sikukuu zinapoanza kutundikwa madukani, jirani yangu wa meza, ambaye husali katika kanisa lisiloadhimisha Krismasi, huniambia kwamba Biblia haitaji Desemba popote, kwamba Warumi walikuwa na sikukuu ya jua siku hiyo hiyo, na kwamba kwa hiyo mimi naabudu jua bila kujijua. Humjibu kwa kicheko kwa kuwa jibu sina. Je, anayosema ni kweli?
*Msomaji wa Kirumba, Mwanza*

Jibu: Marahaba. Katika hayo matatu, la kwanza ni kweli tupu, la pili lina ukweli ndani yake, na la tatu ni hukumu iliyotolewa kabla ya mashahidi kusikilizwa.

Kuhusu Biblia hakuna haja ya kubishana naye. Mathayo na Luka, ambao ndio pekee wanaosimulia kuzaliwa kwa Yesu, hawataji siku wala mwezi. Wapo wanaoleta hoja ya wachungaji waliokaa makondeni usiku (Luka 2:8) ili kuonyesha kuwa baridi na mvua za Bethlehemu zisingeruhusu jambo hilo mwezi Desemba, lakini mstari mmoja wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha tarehe wala kuifuta. Inavyoonekana, Wakristo wa mwanzo hawakuisaka sana siku hiyo. Kilichowashughulisha ni kifo na ufufuko wa Bwana, na ndiyo maana Pasaka ni kongwe kuliko Krismasi. Karibu mwaka 200, Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa huko Misri, aliandika kwamba wapo waliojaribu kuikadiria siku ya kuzaliwa, na makadirio aliyoyataja, yakihamishiwa kwenye kalenda yetu, yanaangukia Aprili na Mei. 25 Desemba haimo. Origene naye, mwalimu mwingine wa Kanisa, katika karne ya 3 aliwaambia wasikilizaji wake kwamba katika Maandiko wanaosherehekea siku zao za kuzaliwa ni watu wa aina ya Farao na Herode.

Ushahidi wa kwanza usio na shaka unatoka Roma. Kuna kitabu cha kalenda kilichotengenezwa mwaka 354, na ndani yake imo orodha ya sikukuu za wafiadini, ambayo wataalamu wanaiona kuwa ilianza kuandikwa mwaka 336. Orodha hiyo inafunguliwa na tarehe 25 Desemba, pamoja na maneno kwamba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea. Katika kitabu hicho hicho, kwenye kalenda ya sikukuu za serikali, tarehe hiyo imeandikwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, yaani mungu jua, iliyoadhimishwa kwa mashindano 30 ya magari ya farasi. Hapo ndipo jirani yako anapopata nguvu, hasa akikumbuka kwamba Kaisari Aurelian aliweka wakfu hekalu la mungu huyo jijini Roma mwaka 274.

Hata hivyo, asikimbilie kufunga kesi. Maandishi ya zamani kuliko yote yanayoonyesha Warumi wakiiadhimisha sikukuu hiyo ya jua hadharani katika tarehe hiyo ni kitabu hicho hicho, kilicho na Krismasi pia, kwa hiyo hakiwezi kutuambia nani alimtangulia nani. Sikukuu nyingine ya Warumi inayotajwa sana, Saturnalia, ilianza tarehe 17 Desemba na hata iliporefushwa iliishia tarehe 23. Na maelezo ya wazi kwamba Kanisa liliihamisha siku kwa makusudi ili kuifunika sikukuu ya jua yanapatikana katika maandishi ya Kisiria ya karne ya 12, miaka mia nane hivi baada ya tukio linalozungumzwa. Shahidi aliyechelewa kiasi hicho angeulizwa maswali mengi hata katika baraza la mtaa. Kwa upande wa pili, kwa ajili ya haki, lazima isemwe kwamba hatari anayoiona jirani yako iliwahi kuwapo: katika karne ya 5 Papa Leo Mkuu aliwakemea Wakristo wa Roma ambao, wakipanda ngazi za Kanisa la Mtakatifu Petro, waligeuka na kuliinamia jua linalochomoza.

Ipo njia nyingine ya kuieleza tarehe hii, ambayo mwanahistoria Mfaransa Louis Duchesne aliitetea mwaka 1889, nayo ni ya hesabu. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini, aliandika kwamba Yesu alikufa tarehe 25 Machi. Baadaye Augustino, askofu, naye wa Afrika ya Kaskazini, akaeleza kwamba inaaminika Bwana alitungwa mimba siku hiyo hiyo aliyokufa, na kwamba alizaliwa tarehe 25 Desemba. Mwanamke yeyote aliyewahi kuhudhuria kliniki anaweza kuhesabu: kutoka 25 Machi hadi 25 Desemba ni miezi tisa kamili. Udhaifu wa njia hii ni kwamba Augustino aliandika wakati sikukuu ilikwisha kuzoeleka, na hatuna maandishi ya kabla ya sikukuu hiyo kuanza yanayomwonyesha mtu akipiga hesabu hiyo ili kuipata Krismasi.

Mimi naegemea upande wa hesabu, lakini sioni kwamba njia hizi mbili ni maadui. Katika kalenda ya Warumi, 25 Machi ilihesabiwa kuwa siku ambayo mchana na usiku hulingana, na 25 Desemba kuwa siku ambayo mchana huwa mfupi kuliko yote kabla ya kuanza kurefuka tena. Aliyetafuta siku ya kumwadhimisha mungu jua na aliyetafuta siku ya kuzaliwa kwa Mwokozi, ambaye nabii Malaki anaeleweka kumwita jua la haki, walikuwa wakitazama mbingu ile ile. Sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria hatulioni jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa Mwanza tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki dakika 20 kwa mwaka mzima, ilhali Roma mchana wa Desemba una saa 9 na dakika chache na ule wa Juni unapita saa 15. Kwetu dalili iliyo wazi zaidi ni kivuli: ukitazama mlingoti wa bendera karibu saa saba mchana wakati wa Krismasi, utaona kivuli chake kimelala upande wa kaskazini, na mwezi Juni kimehamia kusini.

Basi mwambie jirani yako kwamba tarehe iliwekwa na watu, kwamba ushahidi wake wa wazi unaanzia Roma ya karne ya 4, na kwamba kulingana kwa tarehe mbili hakuthibitishi kuwa moja ilizaliwa na nyingine.

Swali: Mimi ni katekista. Kama Yohane Mbatizaji alimtangulia Yesu kwa miezi sita, kwa nini sikukuu ya kuzaliwa kwake ni 24 Juni badala ya 25?
*Msomaji wa Magu*

Jibu: Miezi sita inatokana na maneno ya malaika kwamba mimba ya Elisabeti ilikuwa katika mwezi wake wa sita (Luka 1:36). Siku moja iliyopungua inatokana na namna Warumi walivyotaja tarehe. Walihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe mosi ya mwezi unaofuata, wakiijumlisha na hiyo tarehe mosi yenyewe. Siku ya nane kabla ya Januari, katika mwezi wenye siku 31, ni 25 Desemba. Siku ya nane kabla ya Julai, kwa kuwa Juni ina siku 30, ni 24. Kwao zilikuwa siku pacha.

Augustino alizihusisha siku hizi na maneno ya Yohane, kwamba Yesu hana budi kuzidi na yeye kupungua, kwa sababu mchana huanza kupungua baada ya Juni na kuongezeka baada ya Desemba. Unapofundisha, kumbuka kuwa mfano huo ni wa kaskazini mwa ikweta. Hapa Magu mambo huenda kinyume, ingawa kwa dakika chache mno.

Swali: Rafiki yangu Mwethiopia husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari. Je, Waorthodoksi wa Mwanza na Bukoba nao hufanya hivyo?
*Msomaji wa Nansio, Ukerewe*

Jibu: Hapana. Siku ya rafiki yako, 29 Tahsas kwa kalenda ya Ethiopia, inalingana na 25 Desemba ya kalenda ya zamani ya Julius Caesar. Papa Gregori wa 13 alipoirekebisha kalenda mwaka 1582, siku 10 zilirukwa, na pengo limeendelea kukua hadi kufikia siku 13 tulizo nazo sasa. Waorthodoksi wa kwetu wako chini ya Upatriarki wa Kigiriki wa Aleksandria, ambao ulirekebisha kalenda yake mwaka 1928, hivyo husherehekea tarehe 25 Desemba kama sisi.

Wanaotofautiana nasi kwa asili na si kwa kalenda tu ni Waarmenia. Makanisa mengi ya Mashariki yaliadhimisha kuzaliwa na kubatizwa kwa Bwana kwa pamoja tarehe 6 Januari, kisha yakaipokea 25 Desemba moja baada ya jingine. Kule Antiokia, mji wa Siria ya kale, mwaka 386, padre Yohane Krisostomo alihubiri kwamba siku hiyo ilikuwa haijatimiza miaka 10 tangu ijulikane kwao. Kanisa la Armenia halikuipokea, na hadi leo linaadhimisha yote mawili tarehe 6 Januari.